Nyumba ya dola 385,000 na bili iliyoruka hadi 4,058 kwa mwezi: kisa cha familia moja Katy, Texas

Hiki kisa nakiandika kwa ruhusa ya wenyewe. Majina nimeyaacha, jina la mtaa na la kampuni nayo nimeyaacha, maana mtaa wowote mpya kuzunguka Houston ungeweza kuwa ndo huo. Familia ni mdogo wangu wa kike, nesi wa zamu za usiku, na mumewe ambaye ni dereva wa lori, na watoto watatu. Walikuwa kwenye apatimenti ya vyumba viwili kusini magharibi mwa Houston, wakanunua nyumba mpya kabisa upande wa Katy kwenye yale maeneo ya masta plani. Kama hujawahi kuyaona, ni hivi: kampuni moja inanunua maelfu ya ekari za yaliyokuwa mashamba ya mpunga na malisho ya ng'ombe, inachora mji mzima kwa mpigo, barabara, maziwa ya kuchimba, mabwawa ya kuogelea, sehemu ya shule, sehemu ya supamaketi, halafu inauza viwanja kwa kampuni za ujenzi na hizo ndo zinakuuzia wewe nyumba.

Walimaliza kununua Machi 2023. Bei 385,000, malipo ya mwanzo asilimia 5, riba asilimia 5.5 fikisi, yaani haibadiliki, miaka 30, ambayo bilda, kampuni iliyojenga nyumba, aliishusha mwenyewe kwa sharti kwamba wakope kwa mkopeshaji wake. Malipo ya mwezi yote kwa pamoja, yaani mkopo, bima ya nyumba, bima ya mkopo na propati taksi (kodi ya nyumba), yakawa dola 2,585. Apatimenti walikuwa wanalipa 1,900, kwa hiyo wakaona ngoma inachezeka, mama anaongeza zamu moja na baba anaongeza tripu moja.

Februari 2025 ikaja barua ya kampuni ya mogeji, yaani mkopo wa nyumba: malipo yenu mapya ni dola 4,058 kwa mwezi.

Riba haijapanda hata nukta, mkopo ni ule ule. Shemeji akanipigia usiku yuko njiani kurudi kutoka Oklahoma, "Shem, hawa jamaa wamekosea hesabu au ndo wizi wenyewe?" Mi huwa naletewa makaratasi ya watu hapa mjini, taksi, barua za uhamiaji, barua za shule, nikamwambia akifika anipigie picha kila kitu alichosaini siku ya kununua. Picha zikaja karibu mia na kitu. Hakukuwa na makosa ya hesabu, na wizi kwa maana ya sheria haukuwepo. Kila kitu kilikuwa kwenye karatasi, na saini yake chini.

Tuanze na hesabu maana ndo kiini cha kisa.

Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, na watu wengi wanahamia huku kwa hilo. Lakini shule, hospitali, zimamoto na barabara haviendeshwi kwa upepo, hela inatoka kwenye nyumba. Kila nyumba inakatwa na mamlaka kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja na kiwango chake kwa kila dola 100 ya thamani. Kwa nyumba hii wilaya ya shule ni 1.12, kaunti 0.42, huduma za dharura 0.08, halafu kuna moja inaitwa MUD, nayo peke yake ni 1.25. Jumla 2.87. Ukiangalia utaona mtu ambaye hajawahi kumsikia anamla kuliko hata shule za wanawe.

Sasa thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi inahesabiwa kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari ya mwaka husika. Tarehe 1 Januari 2023 pale palikuwa na kiwanja na vigingi vyenye utepe. Kwa hiyo kodi ya 2023 ikapigwa kwenye ardhi tupu, thamani 62,000, ikatoka dola 1,779 kwa mwaka mzima. Ukigawa kwa 12 ni 148, na hiyo 148 ndo ilikuwa ndani ya zile 2,585 zilizowapa moyo. Tarehe 1 Januari 2024 nyumba imesimama, watu wamelala ndani, wathamini wakaandika 370,000. Kodi ikawa 10,619. Bili hutoka Oktoba au Novemba na mwisho wa kulipa ni 31 Januari, mkopeshaji akailipa kwa wakati kama anavyotakiwa, akafungua kibubu cha eskro, akaunti anayowekea makato yenu ya kila mwezi ya kodi na bima, akakuta mle ndani mna hela ya kodi ya kiwanja tu. Pengo 8,840. Anafanyaje? Anagawa pengo kwa miezi 12, dola 737 kwa mwezi, na wakati huo huo anapandisha makato ya kawaida yaendane na bili mpya, 737 nyingine. Ndo hiyo 1,473 na senti zake zilizowaangukia. Na hapo hakudai ile akiba ya miezi miwili ambayo sheria inamruhusu kuishikilia, angedai ingekuwa balaa zaidi.

Katika zile picha nikaikuta karatasi moja fupi sana, aya mbili na viboksi viwili. Inasema: chagua eskro yako ihesabiwe kwa thamani ya ardhi pekee, au kwa makadirio ya nyumba ikishakamilika. Wamechagua cha kwanza. Kwa usahihi zaidi, kiboksi cha kwanza kilikuwa kimeshatiwa alama kabla hawajafika, na wao wakasaini. Huyu mkopeshaji anashirikiana na bilda, bilda anataka namba ya kwanza utakayoiona iwe ndogo, kwa hiyo sishangai hata kidogo. Ukinunua nyumba mpya ulizia hiyo karatasi kwa jina, eskro ya ardhi au eskro ya nyumba kamili, na uchague kubwa. Kama wanakataa, basi hiyo tofauti iweke mwenyewe benki kila mwezi na usiiguse hata kuwe na harusi.

Na kulikuwa na la pili lililowaongezea mzigo. Mtu anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe Texas anapunguziwa thamani inayotozwa kodi ya shule, mwaka 2024 punguzo lilikuwa dola 100,000, na tangu kura ya Novemba 2025 ni 140,000. Unajaza fomu moja kwenye ofisi ya wathamini ya kaunti, bure, unaambatanisha leseni ya Texas yenye anwani ya hiyo nyumba, basi. Shemeji hakujaza. Alikuwa anaamini ni mpaka uwe raia, wao wana grinkadi. Haina uhusiano wowote na uraia! Na zile barua zinazokuja zimefanana na za serikali zikitaka dola mia ili wakujazie, ni za kutupa. Kwa 2024 peke yake hiyo fomu ilikuwa na thamani ya dola 1,120 kwao.

Haya, sasa hii MUD ni nini. Ni wilaya ya maji na maji taka. Kwa jina ni kitu kidogo, kwa sheria ni serikali kamili, ina bodi ya watu watano, inatoza kodi, inakopa. Hapa ndo siri ya masta plani ilipo na ndo kitu ambacho nataka mtu aondoke nacho: nyumba haijabeba mkopo wako tu, imebeba na mkopo wa mji.

Inavyofanya kazi: kampuni inayoendeleza eneo iko nje ya mipaka ya jiji, hakuna bomba la mtu yeyote. Wenye ardhi wanaomba wilaya iundwe, na wenye ardhi kwa wakati huo ni kampuni yenyewe. Halafu inapigwa kura ya kuidhinisha bondi, yaani deni ambalo wilaya inakopa kwa wawekezaji, na kwa kuwa kwenye pori hakuna wakazi, wapiga kura wanakuwa watu wachache wa kuhesabika kwa vidole waliowekwa kuishi pale, na hao ndo wanaidhinisha mamilioni kwa mamilioni ya dola. Sio siri, magazeti ya Texas yameandika sana. Kampuni inatanguliza hela yake kuweka mabomba, mitaro, mtambo wa kusafisha maji taka, mabwawa ya kupokea mvua. Nyumba zikishajengwa na thamani ikapanda, wilaya inauza bondi, inairudishia kampuni sehemu kubwa ya hela yake, na bondi zinalipwa na nani? Na walio ndani ya nyumba, kupitia hiyo 1.25, kwa miaka ishirini na kitu.

Sisemi ni uhuni. Mtu aliyejenga Goba au Kitengela anajua bei ya kununua kiwanja halafu ujichimbie kisima, uchimbe na shimo la choo, uchangishane na majirani kumwaga kifusi barabarani, kila mtu kwa mfuko wake na mvua ya kwanza inakisomba. Hapa unakuta bomba, lami, mtaro, taa, siku ya kwanza. Hela lazima itoke mahali. Kinachoniudhi ni namna inavyofichwa kwenye makaratasi wakati bei ya nyumba imeandikwa kwenye bango kubwa barabarani na puto juu yake.

Na haijafichwa kisheria, hapo ndo utamu ulipo. Texas inamlazimu muuzaji akupe notisi ya MUD kabla mkataba haujakubana, ukurasa mmoja na kidogo. Ya shemeji nimeisoma. Inataja kiwango cha kodi, 1.25. Inataja bondi zilizoidhinishwa na wapiga kura, dola milioni 190. Inataja zilizokwishauzwa, milioni 31. Hizo namba mbili za mwisho ndo za kuzikodolea macho, maana tofauti yake ni deni ambalo bado halijazaliwa lakini limeshapewa ruhusa. Mtaa ukikua haraka, nyumba nyingi zinagawana mzigo na kiwango kinashuka kidogo kidogo, na mitaa mingi ya zamani iliteremka hivyo mpaka chini ya 0.40. Mauzo yakidorora, kiwango kinaganda pale pale au bondi mpya zinaongezwa na wachache waliopo wanabeba. Kwa hiyo anayeingia mwanzo kabisa anapata bei nzuri ya nyumba na kodi mbaya kuliko wote. Shemeji hiyo notisi aliisaini kwenye simu yuko kituo cha malori, mafuta yanajaa, kidole kinabonyeza njano, saini hapa, saini hapa, herufi za jina hapa, imekwisha.

Nikampigia hesabu nyingine ambayo nadhani ndo inafaa kufanywa na kila mtu kabla ya kwenda kuangalia hizo nyumba za maonyesho zenye harufu ya biskuti. Chukua nyumba ya miaka ya 1980 au 1990 kwenye mtaa uliokwishalipa deni lake, MUD 0.35 badala ya 1.25. Tofauti ni 0.90. Kwa thamani ya 370,000 hiyo ni dola 3,330 kwa mwaka, kama 277 kwa mwezi. Kwa riba ya 5.5 ya miaka 30, na ukihesabu na kodi ya hiyo nyongeza, 277 kwa mwezi inakubebea kama dola 38,000 zaidi ya bei. Yaani mpya ya 385,000 na ya zamani ya 423,000 ni malipo yale yale. Wao waliikataa ya zamani ya 410,000 kwa sababu ni ghali! Tena ilikuwa dakika kumi na tano kutoka kazini kwa mdogo wangu, sasa hivi anavuka mji mzima kwenda kwenye hospitali za Medical Center na barabara ya haraka ni ya kulipia. Kwa haki, nyumba ya zamani nayo ina paa la kubadilisha na ewakondishen ya kufa kiangazi, hiyo isisahaulike kwenye hesabu.

Tukiacha kodi, kuna HOA, chama cha wenye nyumba. Hawa wanachukua 1,150 kwa mwaka na hazimo kwenye malipo ya mogeji, unalipa mwenyewe Januari, na siku ya kununua kuna mchango wa kuanzia ambao haurudi. Watu wanaichukulia HOA kama kamati ya mtaa. Kamati ya mtaa haikuuzii nyumba. HOA ya Texas ikikudai ada ya mwaka inaweza kwenda mahakamani kupata amri nyumba iuzwe, ila kwa faini peke yake haiwezi, lazima pawe na ada ndani ya deni, na ukishauziwa una siku 180 tangu upelekewe notisi za kuikomboa. Ukibanwa omba mpango wa kulipa kidogo kidogo, chama chenye viwanja zaidi ya 14 kinatakiwa kisheria kuwa nao. Kwa hiyo ada ni ya kulipa kwanza, malumbano baadaye.

Kwa shemeji kilichomuuma ni lori. Masharti ya mtaa, kurasa themanini na kitu zilizosajiliwa kaunti, yanakataza gari la kibiashara la tani zaidi ya moja kulala mtaani, hata kichwa kitupu bila trela. Yeye kichwa ni chake, ndo ajira. Akapata barua mbili ndani ya wiki chache, sasa analipa dola 250 kwa mwezi kwenye yadi ya malori. Madereva wetu ni wengi sana huku Texas na karibu kila mmoja anayehamia masta plani anakutana na hili, na muuzaji aliyevaa suti alipoulizwa alisema "usijali, watu wanapaki". Alichosema kwa mdomo hakina kazi, mkataba wa bilda una kifungu kinachosema maneno ya mdomo hayahesabiki.

Halafu msiba. Baba mkwe wa mdogo wangu alifariki Morogoro, mwili ukazikwa kule, lakini huku watu lazima waje kuwapa pole. Wakaja wengi, siku tatu, turubai likawekwa mbele ya gereji, viti, masufuria ya pilau, magari mengine yamepanda kwenye nyasi. Tanga halijaanuliwa barua ya HOA imefika: muundo wa muda bila kibali, magari kwenye nyasi. Mdogo wangu alilia kwa hiyo barua kuliko kwa bili, na mi namwelewa. Lakini hapa walifanya jambo sahihi, hawakuipuuza wala hawakwenda kugombana na jirani waliyemshuku. Sheria inakupa nafasi ya kurekebisha na haki ya kuomba kusikilizwa ndani ya siku 30. Wakaomba kwa maandishi, wakaeleza ni msiba, faini ikafutwa. Na sasa wanajua jumba la mikutano la mtaa linaweza kukodiwa na mkazi, lina jiko na parking, kwa hiyo arobaini ilifanyikia huko na hakuna aliyepiga simu.

Nani anatunga hizo sheria? Kwa miaka ya mwanzo, kampuni yenyewe. Bodi ni watu wake mpaka mtaa ujae. Sheria inasema ikishauza asilimia 75 ya viwanja, ndani ya siku 120 theluthi ya bodi ichaguliwe na wenye nyumba. Theluthi tu. Kwa hiyo ukinunua mapema usitegemee kupiga kura ya kubadilisha chochote hivi karibuni.

Mambo ya ramani za rangi za ofisi ya mauzo nayapita haraka. Bwawa la pili lenye mto wa kuelea, halijajengwa. Shule ya msingi "ya baadaye" ni ardhi tu iliyotengwa, watoto wanapanda basi, na wilaya ya shule inachora mipaka upya kila shule mpya inapofunguliwa. Chini ya ramani imeandikwa kwa herufi za sisimizi kwamba ni mchoro na unaweza kubadilika. Kama shule fulani ndo sababu yako ya kuhamia, angalia anwani yako kwenye tovuti ya wilaya ya shule, achana na ramani ya ofisi ya mauzo.

Maji ya mafuriko lakini siyapiti haraka, maana hapa ni Houston. Magharibi mwa mji kuna mabwawa mawili ya jeshi, Addicks na Barker, yaliyojengwa miaka ya 1940 baada ya mafuriko ya 1929 na 1935. Siku za kawaida ni makavu, mapori na viwanja vya mpira, ukipita hujui kama uko ndani ya bwawa. Serikali ilinunua sehemu tu ya ardhi ambayo maji yangeweza kufika likijaa kabisa, inayobaki ikawa ya watu binafsi, na miji ikapanuka, masta plani zikajengwa mle ndani ya ukingo. Agosti 2017 kikaja kimbunga Harvey. Maelfu ya nyumba nyuma ya kuta za mabwawa zikajaa maji, mitaa kama Canyon Gate pale Cinco Ranch watu walitolewa kwa boti. Wengi hawakuwa na bima ya mafuriko kwa sababu ramani za FEMA, idara ya maafa ya serikali kuu, hazikuwaweka kwenye eneo la hatari, na bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Upande wa kaunti ya Fort Bend ilikuja kuonekana kwamba ramani za upimaji zilizosajiliwa zilikuwa na kamstari kanasema eneo hili linaweza kufunikwa na maji chini ya usimamizi wa wahandisi wa jeshi. Nani anaenda kaunti kuvuta ramani ya upimaji? Desemba 2019 Jaji Charles Lettow aliamua kwamba serikali kuu inawajibika kwa waliofurikiwa nyuma ya hayo mabwawa.

Tangu 2019 fomu anayojaza muuzaji kueleza hali ya nyumba inauliza waziwazi kama nyumba iko ndani ya eneo la kujaa la bwawa. Vizuri. Ila hiyo fomu haimhusu anayeuza nyumba mpya ambayo haijakaliwa! Kwa hiyo anayenunua kwa bilda hapati hata hilo swali. Nyumba ya shemeji tuliitafuta kwenye ramani za mabwawa, iko mbali magharibi, haimo. Nikamwambia akate bima ya mafuriko hata hivyo, ya mpango wa serikali inafika 250,000 kwa nyumba na 100,000 kwa vitu, na ukikata leo inaanza kazi baada ya siku 30, huwezi kukimbilia ukiona kimbunga kwenye taarifa ya habari.

Wazo la kwanza la shemeji lilikuwa kuuza. Tukaangalia. Nyumba hiyo hiyo, ramani ile ile, jikoni lile lile, bilda anaiuza sekta ya jirani kwa 349,000 na anashusha riba juu yake. Nani atanunua ya kwako iliyotumika kwa 370,000? Mpaka bilda amalize viwanja vyake mtaani, mshindani wako ni yeye, na mfuko wake humuwezi. Kwa mtu anayefikiria kukaa miaka miwili mitatu kisha auze apande juu, masta plani changa sio mahali pake.

Lakini hiyo 349,000 ikawa dawa ya kitu kingine. Kufika Mei 15 unaruhusiwa kupinga thamani uliyopewa, na bei ya bilda ndo ushahidi wetu. Mdogo wangu alikwenda mwenyewe kwenye kikao, kurasa nne mkononi, wakashusha thamani ya 2025 hadi 355,000. Fomu ya punguzo waliijaza kwa kuchelewa, inaruhusiwa mpaka miaka miwili nyuma, zile 1,120 za 2024 zikarudi. Mdogo wangu alikuwa na zamu ya kupokea mchezo, akaingiza 3,000 kwenye pengo, wakamwandikia mkopeshaji ahesabu upya, malipo yakashuka kutoka 4,058 hadi 3,622 kwa mwaka ule. Sasa pengo limeisha, wako kwenye 3,165, na hiyo ndo gharama halisi ya nyumba waliyoambiwa ni 2,585, kabla ya HOA na kabla ya yadi ya lori.

Kikao cha bodi ya MUD ni cha wazi, ila hufanyika saa sita mchana kwenye ofisi ya mawakili katikati ya jiji, siku ya kazi. Mdogo wangu alikwenda kimoja akitokea zamu ya usiku, bado yuko na skrabu. Wakazi waliohudhuria walikuwa wawili na yeye. Akauliza zile bondi zilizobaki zitauzwa lini, akajibiwa kuna awamu nyingine inaandaliwa kwa ajili ya mabomba ya sekta mpya, na kwa kuwa nyumba zimeongezeka kiwango cha mwaka huo kinashuka kutoka 1.25 hadi 1.18. Kwa nyumba yao ni kama dola 250 kwa mwaka. Ameweka tarehe ya kikao kinachofuata kwenye simu.